Ndiyo ya Baba

Katika shule zote nilizosoma na zote nilizofundisha, kati ya Bungoma na Kitale, kuna swali ambalo mwalimu huuliza bila kulifikiria: "Tuko pamoja?" Darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Hujibu aliyeelewa, hujibu asiyeelewa, hujibu hata yule aliyekuwa akichungulia dirishani akitazama ng'ombe wa watu. Mwalimu hugeukia ubao akiwa ameridhika. Baba yangu aliuliza swali hilo maisha yake yote ya kazi. Alipopatwa na kiharusi, neno pekee lililobaki kinywani mwake lilikuwa lile la wanafunzi wake. Ndiyo.

Mwanzoni hatukujua. Tulifurahi, hata. Kaka yangu, ambaye analima mahindi nyumbani kwetu upande wa Naitiri na ndiye aliyekuwa akiishi na Baba tangu Mama afariki, alinipigia simu Kitale, ninakofundisha, akipiga kelele.

"Madam! Mzee ameongea! Nimemuuliza kama atakunywa uji, akasema ndiyo!"

Kaka huniita Madam tangu nilipoanza kufundisha, nusu kwa heshima, nusu kwa kunichokoza. Niliketi katika chumba cha walimu nikalia kwa furaha, wenzangu wakaniletea chai. Jumamosi nilipofika nyumbani nilimuuliza Baba kama alikuwa amelala vizuri. Ndiyo. Nikamuuliza kama alikuwa amelala vibaya. Ndiyo. Nikamuuliza kama mimi ni ng'ombe. Aliniangalia kwa hasira niliyoijua tangu utotoni, uso umepinda upande mmoja, mate yakimtoka, akasema kwa sauti safi kabisa, "Ndiyo."

Ile hasira ndiyo iliyoniambia kwamba akili yake ilikuwepo. Alinisikia, alinielewa, na alijua kwamba alichojibu sicho alichotaka kujibu. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya jiko, kwa sababu sikutaka anione nikiogopa.

Baba aliingia katika ualimu kwa njia ya zamani. Alitoka shule, akapewa chaki na darasa, akaambiwa afundishe. Mafunzo aliyapata baadaye, likizo baada ya likizo, akisoma wakati wenzake wanalima, hadi akapata cheti, na mwishowe akawa mwalimu mkuu. Hapo kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu sokoni, Mwalimu kanisani, Mwalimu hata mezani kwetu. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakimwona barabarani wanatupa miwa waliyokuwa wakitafuna na kufuta midomo. Sijui kama walimpenda. Sisi wenyewe tulimwogopa kwanza, mapenzi yakaja nyuma yakichechemea.

Mimi nilizaliwa nikitumia mkono wa kushoto. Baba hakukubali. Mkono wa kushoto, alisema, haumsalimii mtu, haupokei kitu, na hauandiki. Alinifunga ule mkono kiunoni kwa kipande cha leso ya Mama, nikaandika kwa mkono wa kulia huku machozi yakilowesha daftari, hadi nikazoea. Mwandiko wangu ubaoni leo husifiwa na kila anayeingia darasani kwangu, na kila unaposifiwa kuna kitu kinaniuma hapa kwenye kiwiko. Nimesema kinaniuma. Sijasema nimemsamehe.

Nami nilianza kama yeye, bila mafunzo, katika shule ya watu binafsi pale Kiminini, darasa la mabati ambalo mvua ikinyesha tunanyamaza sote tunaitazama. Baadaye nikaenda chuo cha ualimu. Huko ndiko nilikokutana na mkufunzi mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyetukataza kuuliza "Tuko pamoja?" Alituambia mtoto akijibu ndiyo hajakwambia ameelewa, amekwambia anataka umwache. Akatufundisha njia nyingine. Unawaambia watoto wafumbe macho, wote, ili asiwepo wa kumcheka mwenzake. Kisha unauliza. Aliyeelewa anainua kidole gumba juu. Ambaye hajaelewa anakielekeza chini. Ni jambo dogo, na mara ya kwanza nilipolijaribu nilishtuka. Darasa lililokuwa limeniitikia ndiyo kwa kishindo lilikuwa limejaa vidole gumba vinavyotazama sakafu.

Mazoezi yangu ya kufundisha niliyafanyia katika shule ya karibu na nyumbani. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mwanafunzi wa Baba zamani, basi siku moja kabla ya mkufunzi kuja kunikagua, Baba alikuja akaketi nyuma ya darasa, kofia magotini, nami nikiwa na andalio langu la somo na jasho mgongoni. Nilifundisha sehemu, nusu na robo, nikawakatia watoto viazi vitamu. Nikawafumbisha macho, wakainua vidole. Waliokosa niliwarudia taratibu hadi wakapata. Nilijiona nimefaulu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele. Baba, kama watu wengi wa kwetu, alizibadilisha "l" na "r" apendavyo, na hilo hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

"Watoto wakifumba macho darasani wanarara," alisema bila kugeuka. "Watasoma na nini? Na pua?"

"Ni mbinu, Mwalimu. Ni ya kujua nani ameachwa nyuma."

"Mimi nikitaka kujua nani ameachwa nyuma, naangaria nyuma." Akatembea kidogo. "Na kuna msichana pare mbere ameinua mkono wa kushoto. Umemwacha."

Huo ndio mrejesho pekee niliowahi kupewa na baba yangu kuhusu kazi yangu. Nilimchukia njia nzima.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini, baada ya kiharusi, sikuanza na kidole. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa pamoja na mguu wa upande huo. Uliobaki hai ulikuwa wa kushoto, na wa kushoto aliuficha. Akiletewa chakula alitaka kulishwa kama mtoto kuliko kushika kijiko kwa mkono ule. Wageni wakija aliuingiza chini ya blanketi. Nilijaribu picha, nilijaribu herufi za kadibodi nilizokatia darasa langu, nilijaribu kumkonyeza na kumwomba anikonyeze. Alinitazama tu. Nilipokwama nilirudi Kitale kwa wanafunzi wangu, na Kaka akabaki kumwogesha, kumgeuza na kumlisha, akimuuliza hili na lile na kupokea ndiyo yake kwa moyo mweupe.

Kisha ukaja ule mguu. Baba alikuwa na sukari kwa muda mrefu, na kidole kimoja cha mguu uliopooza kilipata kidonda ambacho hakukihisi. Kaka alipokiona, weusi ulikuwa umeshapanda hadi kwenye kifundo. Tulimpeleka hospitali Bungoma. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala. Alituonyesha kwa kalamu, juu kidogo ya goti, mahali ambapo angekata. Akasema usipokatwa, sumu itaingia kwenye damu, na hapo hakuna litakalofanyika. Akasema pia, kwa sababu ni mkweli, kwamba hata ukikatwa, kwa hali yake, hakuna uhakika. Lakini ni nafasi.

Aliinama karibu na Baba. "Mzee, nimeeleza. Tukikata tunaweza kukuokoa. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Unakubali?"

"Ndiyo."

Kaka alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu nyumbani. "Asante Yesu," alisema. "Amekubali mwenyewe."

Nami nikasema, "Muulize kama anakataa."

Daktari alinitazama. Kaka alinitazama. Nikainama mimi. "Baba, unakataa wasikate?"

"Ndiyo," alisema Baba, na machozi yakamtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linatii.

Tuligombana na Kaka pale kwenye korido, watu wakipita na chupa za chai na mablanketi. Aliniambia hii si darasa, bana, hii ni uhai wa mtu. Aliniambia mzee amesema ndiyo mbele ya daktari, si kila mtu amesikia? Aliniambia nimekaa Kitale nikifundisha watoto wa wengine, yeye ndiye anayejua kinyesi cha Baba kina rangi gani, halafu nakuja na maswali yangu. Yote yalikuwa kweli. Ila nilijua jambo moja kwa sababu nililisomea: ile ndiyo haikuwa jibu. Nilimwomba daktari atupe hadi kesho. Akasema kesho asubuhi, si zaidi.

Asubuhi Kaka alitoka kwenda kutafuta mkate. Nilileta uji. Niliketi kitandani kwa Baba, upande wake mzima, nikachukua kijiko kwa mkono wangu wa kushoto. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo mbele yake tangu ile leso. Nilikipeleka mdomoni mwake. Alifunga midomo. Alikitazama kile kijiko, akautazama mkono, akanitazama mimi, na ile hasira ikapanda. Sikuondoa mkono. Uji ukamdondokea kidevuni, nikaufuta kwa mkono uleule.

"Mwalimu," nikamwambia, "huu ndio mkono ulio nao. Hata mimi nilizaliwa nao."

Kisha akafungua mdomo akameza. Akameza tena. Na chini ya blanketi nikaona kitu kinatambaa, polepole, mpaka mkono wake wa kushoto ukatokea na kulala juu ya shuka, umekonda, kucha ndefu.

Nilianza na maswali mepesi, kama inavyotakiwa. Mimi ni mtoto wako? "Ndiyo," na kidole gumba kikainuka. Mimi ni ng'ombe? "Ndiyo," kilisema kinywa, na kidole kikaelekea chini. Nilicheka kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Baba hakucheka, lakini nilimwona ametulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Sasa tulikuwa na lugha. Nilitamani niishie hapo. Nilitamani nimuulize kuhusu Mama, kuhusu chai, kuhusu mvua, mambo yote ya kijinga ambayo mtu hajibiwi kwa miezi. Lakini daktari alikuwa njiani.

"Baba, unataka wakukate mguu?"

Kabla ya kujibu, alifumba macho.

Sikuwa nimemwambia afumbe. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ameikumbuka ile kanuni aliyoicheka, tangu siku ile aliyoketi nyuma ya darasa na kofia magotini. Alifumba macho ili ajibu bila kutazama uso wa mtu, na kidole chake kikashuka chini, kikabaki chini.

Nikageuza swali, kama nilivyofundishwa, kwa sababu jibu moja halitoshi. "Unataka urudi nyumbani na mguu wako?" Kidole kikapanda juu.

Swali la tatu sikutaka kuliuliza. Nilikunywa maji yake. Nilikunjua shuka, nikalikunja tena. Lakini mwalimu akiacha swali gumu kwa kuwahurumia wanafunzi hajawasaidia, na hili nimewaambia wengine mara nyingi.

"Baba, unajua kwamba ukirudi nao utakufa?"

Macho yalikuwa bado yamefumbwa. Safari hii kinywa hakikusema kitu. Kidole kilipanda juu.

Nikamuuliza kwa nini. Nilisahau. Katika hofu yangu nilisahau kwamba kidole gumba hakiwezi kujibu kwa nini. Kinaweza tu kukuonyesha mahali palipo na shida. Nikaanza kumkisia. Ni maumivu? Ni aibu? Unaogopa kuwa mzigo kwa Kaka? Unataka uzikwe mzima, karibu na Mama? Aliyafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyechoka na mwanafunzi anayerudia swali, akaurudisha mkono chini ya blanketi. Mpaka leo sijui. Nimepata jibu la swali kubwa kuliko yote niliyowahi kuuliza, na sababu yake sina.

Daktari alipokuja nilimwomba aulize yeye mwenyewe. Aliuliza kwa kunyooka na kwa kugeuza, taratibu, na Baba alimjibu vilevile, macho yamefumbwa. Daktari alishika chuma cha kitanda. Akasema hawezi kumkata mtu anayekataa. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na mkate wake kwenye karatasi, ameona yote.

"Umemfundisha kujibu hivyo," aliniambia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mzee alikuwa amebakisha neno moja tu, Madam. Na hilo moja umemnyang'anya."

Tulimrudisha Naitiri. Sitaeleza harufu. Kaka aliosha ule mguu kila siku, asubuhi na jioni, kwa maji ya chumvi, akiwa amefunga kitambaa puani, na mimi nilikuwa nikija mwisho wa wiki na dawa za maumivu na maandazi ambayo hayakuliwa. Hakunisemesha zaidi ya salamu. Kila nilipofika nilimuuliza Baba swali lilelile, kwa sababu mwanafunzi ana haki ya kubadilisha jibu lake kabla karatasi hazijakusanywa. Nilisali abadilishe. Niliuliza kwa sauti ya kumwomba, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kulifanya. Alifumba macho, kidole kikashuka.

Jumapili moja nilikuwa nikianika nguo nyuma ya nyumba nikamsikia Kaka dirishani. Alidhani nimeenda kisimani.

"Mwalimu," alisema, kwa ile sauti ya unyenyekevu tuliyoitumia tukiwa wadogo, "sasa fumba macho. Ni mimi. Madam hayuko hapa."

Halafu sikusikia kitu. Alikuwa akiuliza kwa kunong'ona, au labda aliuliza kwa moyo tu. Baada ya kitambo alitoka kwa mlango wa mbele, akapita karibu nami bila kuniona, akaingia kwenye mahindi yaliyokuwa yamemzidi kimo. Nilisubiri mpaka ng'ombe wakarudi, nikawakamua mwenyewe. Aliporudi alinawa mikono, akala, akaenda kumgeuza Baba. Hakuniambia alichokiona, nami sikuuliza.

Baba alifariki katikati ya wiki, mchana, mimi nikiwa darasani. Nilikuwa nimewafumbisha watoto macho niliposikia simu ikitetemeka mezani. Niliipokea huku vidole vyao vikiwa hewani, juu na chini, wakisubiri niwaambie wafumbue. Kaka alisema, "Amekwenda," basi. Watoto walikaa na macho yao yamefumbwa kwa utiifu mpaka mwalimu jirani alipokuja kuwaambia wafungue.

Mazishini walikuja watu wengi kuliko nilivyodhani, wanaume wenye mvi waliosimama wima kana kwamba bado angeweza kuwaita mbele. Mchungaji alikuwa mgeni, hakumjua Baba. Alisema marehemu aliugua kwa uvumilivu na akayakubali mapenzi ya Mungu, kwamba hata maneno yalipomwishia bado alisema ndiyo. Sijui nani alimpa habari hiyo. Akainua mkono mmoja, akatutazama sote pale kaburini.

"Ndugu zangu, tuko pamoja?"

"Ndiyo!" Uwanja mzima uliitikia, wale wanafunzi wake wa zamani kwa nguvu kuliko wote, kishindo kile nilichokijua tangu nilipojua kusikia.

Mimi sikuitikia. Kaka alikuwa amesimama mbele yangu, mikono nyuma ya mgongo kama tulivyosimamishwa gwarideni. Yeye pia hakuitikia. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimeelekea chini, kimekaza mpaka ukucha umekuwa mweupe, nyuma ambako hakuna aliyeweza kukiona isipokuwa mimi.

Nilikishika. Nilikishika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Hakugeuka, wala hakukiondoa, na tulisimama hivyo mpaka walipoanza kurudishia udongo.